Kisu Juu ya Kigoda

Mama mkwe wangu alikaa nyumbani kwetu Katandala, Sumbawanga, muda mrefu kabla sijaujua uso wake vizuri. Si kwamba alijificha. Kwao, watu wa ng'ombe waliohamia Rukwa kutoka Usukumani, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala hawali pamoja. Wengi siku hizi wameshalegeza. Nimewaona mama wakwe wa Kisukuma wakipiga picha na wakwe zao harusini, wamekumbatiana kabisa. Wangu hakulegeza. Na mimi Mfipa, niliyekulia katika nyumba ya Kikatoliki ambamo mama mkwe hupewa mkono na kuulizwa habari za shamba la ulezi, ikabidi nijifunze ukubwani.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho ninachofanyia kazi, cherehani inatazama barabara, na nyuma ya kiti changu kuna pazia. Nyuma ya pazia ndipo nyumba inapoanzia. Mama aliketi palepale, upande wa pili wa kitambaa, juu ya ngozi ya ng'ombe aliyokuja nayo, kwa sababu ndipo jua la asubuhi linapofika, na baridi ya Sumbawanga ilikuwa imemshinda tangu wiki ya kwanza. Nikitaka kwenda uani nilikohoa. Akisikia kikohozi aligeukia ukuta, nami nikapita nikitazama sakafu kama mtu aliyeangusha sindano.

Kando ya pazia tuliweka kigoda. Kitu chochote cha kutoka kwangu kwenda kwake kilipitia hapo: nakiweka, naondoa mkono, ndipo yeye anachukua. Asubuhi mke wangu akiwa sokoni, mimi ndiye niliyemwekea chai. Baada ya kitambo mkono wake wa kulia ulitokea chini ya pazia, una bangili ya shaba, ukakishika kikombe bila haraka ukarudi nacho. Mkono huo ndio niliomjua nao. Mengine yote yake niliyasikia tu: kikohozi, wimbo anaoimba kwa pua, na ulimi wake, ambao ulikuwa mkali kuliko mkasi wangu.

Maana hata maneno hayakuja kwangu moja kwa moja. Shikamoo yangu aliipokea, akaijibu akiuambia ukuta "Marahaba." Mengine yalipitia kwa mtu. "Mwambieni fundi redio yake inapiga kelele." "Mwambieni fundi mteja wa jana alikuwa mwongo, nimemsikia sauti." Kama hapakuwa na mtu ndani, aliwaambia kuku, na kuku wasiponiletea ujumbe alirudia kwa sauti ya juu zaidi. Nami nilijibu kwa kuiambia cherehani. Heshima si utumwa, wanasema, lakini kuna siku nilitamani sana kugeuza shingo nicheke naye.

Alikuja kwetu baada ya kuanguka akiteka maji kule bondeni, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, alikokuwa akiishi kwa mdogo wake wa kiume tangu mumewe afariki. Nyonga ikamsumbua, zahanati iko mbali, na watu wa kaya ile nusu ya mwaka wako nyuma ya ng'ombe. Mke wangu akamfuata akampandisha huku juu. Nyonga ilipona vizuri tu. Aliyeanza kuugua ni mama mwenyewe.

Hapa lazima nimseme mke wangu, na atanisamehe, kwa sababu alikosea kwa kupenda. Alimpikia mama yake, akamnawisha, akamkatia nyama vipande vidogo, akammenyea chungwa na kutoa mbegu. Mama alipofika alikuwa na kisu kiunoni, kisu cha mhunzi, ndani ya ala ya ngozi. Siku moja binti yetu wa mwisho, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akakikuta kando ya ngozi, akakichomoa na kukiweka mdomoni. Hakuumia. Lakini mke wangu akakifunga kile kisu ndani ya khanga na kukipandisha juu ya kabati.

"Mama, hapa hakuna kazi ya kisu," alimwambia. "Wewe pumzika tu."

Mama hakubisha, na hilo lingetushtua kama tungekuwa na akili. Wimbo wa puani ukakoma. Chakula kikawa kinarudi nusu. Wateja wangu wakawa wanadanganya watakavyo, hakuna wa kuwasema. Kisha siku moja nikamsikia akimwambia mke wangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ampigie simu mdogo wake, maharage yakishavunwa aje amchukue.

Mke wangu alilia jikoni akiwa ameshika mwiko. Alijua, na mimi nilijua, kwamba mama akishuka bondeni kwa umri ule na nyonga ile hatapanda tena mlima huu akiwa hai. Mimi nilikuwa na sababu yangu pia, na niiseme wazi: nilimpenda. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa bado najifunza kutia uzi kwenye sindano. Huyu, hata kama alikuwa sauti nyuma ya pazia, alikuwa ameizoesha nyumba yangu kuwa na mama ndani yake. Sikutaka aondoke.

Jibu nililipata siku ile ile, kupitia kwa kuku. Mke wangu alikuwa ameweka sahani ya machungwa yaliyokwisha kukatwa. Mama akawaambia kuku, taratibu: "Nimekuwa mtu wa kuletewa chungwa limeshakatwa. Hata nyinyi mnajitafutia."

Nikasimamisha cherehani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msemo huu nimeusikia tangu utoto na siku zote nilidhani unamsema mgeni mzembe. Siku ile nikaona unamsema mwenyeji. Sisi tulikuwa tumemnyima mama jembe miezi na miezi, tukadhani tunamheshimu.

Nikamwambia mke wangu: kinachotakiwa ni kisu cha kukunja. Kikikunjwa, mtoto hawezi kukifungua. Na mama atakuwa nacho mwilini siku nzima, kama alivyozoea. Akafikiri kidogo, akasema sawa, lakini kiwe kizuri. "Mama yangu hashiki kitu kibaya. Unamjua."

Nilimjua kwa kumsikia, nikajiona hodari. Nikaenda mjini nikarudi na kisu chekundu kinachong'aa, kina makali makubwa na madogo, kina bisibisi, kifungulia chupa, msumeno wa urefu wa kidole, na mkasi. Ule mkasi mdogo ndio ulioniponza. Fundi cherehani akiona mkasi mdogo unaokunjika anakuwa kama mtoto. Nikakiweka juu ya kigoda, nikaondoa mkono, nikajifanya nashona.

Mkono wa kulia ukaja ukakichukua. Nikasikia kucha zikihangaika. Kisu kikarudi kwenye kigoda.

"Mwambieni fundi," mama alisema, "hiki kina ukoo mzima ndani. Mimi nataka kukaa na mmoja tu."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilinuna, sikatai. Lakini usiku ule sikuwaza kucheka kwake. Niliwaza zile kucha zilizohangaika. Mkono uliochunga ng'ombe maisha yote unashindwaje kufungua kisu?

Kesho yake nikapanda juu ya kiti nikakishusha kile kisu cha zamani kutoka kabatini. Nilitaka tu kuona ukubwa wa mpini, maana mkono wa mama sikuruhusiwa kuupima. Nimewapima wanawake wa nusu ya Katandala, bega, kifua na kiuno, ila gauni la mama mkwe nililishona kwa vipimo alivyochukua mke wangu, tena kwa kamba.

Mpini ulikuwa wa mti mweusi, umelainika kwa miaka ya kushikwa. Pale gumba linapokaa palikuwa pameliwa, pamekuwa kishimo. Nikakishika kisu kama ninavyoshika kitu chochote. Gumba langu likaangukia upande usio na kishimo. Nikakigeuza, bado. Nikakihamishia mkono wa kushoto, na mpini ukaniingia kiganjani kana kwamba umenisubiri.

Nilikaa chini. Nilipokuwa najifunza kazi tulikuwa na mwenzetu mwenye shoto, na mkasi wetu ulimtesa, kwa sababu mkasi hutengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia; ukiutumia kushoto unatafuna kitambaa. Mama mkwe wangu alikuwa mwenye shoto. Na kile kisu chekundu, kama visu vingi vya kukunja, mfuo wa kuingizia ukucha ulikuwa upande mmoja tu, upande wa mwenye kutumia kulia.

"Hukuwahi kuniambia," nikamwambia mke wangu.

"Mama hapendi wakwe wajue," akasema. "Kwao walimchapa alipokuwa mdogo. Kupokea kitu kwa kushoto ni kukosa adabu. Mbele ya watu anajikaza kwa kulia. Kushoto ni kwa nyumbani."

Maneno yale yalinichoma kuliko nilivyotarajia. Kwa hiyo kila asubuhi, chini ya pazia langu, kwa ajili ya kikombe cha chai, yule mama alikuwa ugenini.

Wiki ile nilikuwa na sare za shule za kupeleka Namanyere. Nikakagua visu huko na sikupenda kimoja. Wakati wa kurudi nikashuka Chala, kwenye duka la dawa za mifugo ambalo wafugaji hulipenda. Muuzaji, mama mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, alinitandikia visu juu ya meza ya kioo, kimoja kimoja. Hakuna aliyempa mwenzake mkononi, maana kisu hakipokezwi hivyo. Unakiweka, mwenzako anachukua, msije mkagombana. Nikafikiri moyoni kwamba mbele ya kisu watu wote ni wakwe.

"Unamnunulia nani?" akauliza.

"Mama mkwe."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Mmefikia huko?" akacheka.

Nikamweleza. Akaacha kucheka, akaondoa visu vyote vilivyojaa meza akarudisha vitatu. Kimoja kilikuwa na mpini wa plastiki wenye picha ya chui. Nikakikataa kabla hajakiachia. Mama angewaambia kuku kuhusu yule chui mwaka mzima. Cha pili kilikuwa kizuri, chembamba, lakini kinafunguka kwa kubonyeza kitufe, bapa linaruka lenyewe, na mimi nilimkumbuka binti yetu. Cha tatu kilikuwa hakisemi kitu. Mpini wa mti wa kahawia, umepinda kidogo kufuata kiganja, misumari miwili ya shaba, bapa moja. Hakikuwa na mfuo wa ukucha. Kilikuwa na tundu lililotobolewa kwenye bapa lenyewe, karibu na mpini, unaloweza kulishika kwa gumba upande wowote. Na cha kukifungia kilikuwa mgongoni, katikati, hakijali mkono gani.

Nikakifungua kwa kulia. Nikakifungua kwa kushoto. Kikalia *tak*, mlio mdogo, safi. Shaba ya ile misumari ilikuwa rangi moja na bangili yake. Chema chajiuza.

"Nipe viwili," nikamwambia.

"Cha pili cha nani?"

"Changu." Sikuwa nimepanga kusema hivyo, lakini niliposema nikajua kwa nini.

Kabla ya kumpa, nilimshonea gauni la kitambaa kizito kwa ajili ya baridi. Magauni ya wanawake hayana mifuko. Sijui ni nani aliamua hivyo, na mafundi tumeendelea tu bila kuuliza. Nikatia mfuko, wa kina, wenye bitana, na kifuniko cha kifungo kimoja. Mwanamke akiniomba mfuko huwa naweka kulia. Huu nikauweka kushoto. Nikakunja gauni, nikalaza kisu juu yake, nikaviweka kwenye kigoda, nikarudi kwenye cherehani. Mguu ulikuwa kwenye kanyagio lakini sikukanyaga.

Mkono wa kulia ukaja ukavichukua. Nikasikia kitambaa kikikunjuliwa. Nikasikia kiganja kikitafuta mfuko upande wa kulia, kikipapasa, kikakosa, kikahamia upande wa pili. Barabarani bodaboda zilipita, mtu akamwita mshikaji wake, maisha yakaendelea.

"Mwambieni fundi," mama alisema mwishowe, na sauti ilikuwa nzito kidogo, "ana macho."

Nikaiambia cherehani asante.

Kisha *tak*. Kisu kimefunguka, mara ya kwanza tu. Nikatabasamu peke yangu. Lakini kukifunga kukawa shughuli. Nikasikia akisukuma bapa, na bapa linagoma. Kisu chake cha zamani hakikuwahi kujua kufungwa. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwonyesha, na mimi nisingeweza kwenda kumshika vidole.

"Kimekataa kulala," akauambia ukuta.

Nikatoa changu mfukoni. Nikasogeza kiti nyuma, nikakaa mgongo ukigusa pazia, na kutokana na ngozi ilivyokwaruza sakafu nikajua naye amegeuka. Tukawa mgongo kwa mgongo, kitambaa katikati.

"Mtu akitaka kukifunga," nikaiambia cherehani, "ashike mpini mgongo ukiwa juu. Katikati ya mgongo kuna kipande cha chuma. Akibonyeze kwa gumba."

"Amekibonyeza," ukuta ukaambiwa.

"Aendelee kubonyeza. Mkono mwingine usukume bapa taratibu. Vidole visikae njiani."

Changu kikalia kikilala. Chake kikachelewa, kikakwama, kisha nacho kikalia. Tukafungua tena. Tukafunga tena. Changu, chake. Changu, chake. Baada ya mara kadhaa hakunisubiri, chake kikatangulia changu, na nyuma ya pazia nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: mama mkwe wangu anacheka. Alicheka kama msichana, kwa kujizuia, halafu kwa kushindwa kujizuia. Nami nikacheka nikiitazama barabara, machozi yakinitoka, na mteja aliyekuja kuchukua suruali yake akanitazama kisha akasema atapita baadaye.

Kuanzia hapo nyumba ikabadilika. Mke wangu akikaribia viazi, vimeshamenywa. Watoto wakatoka shule wakakuta miwa imekatwa vipande sawasawa. Mimi nikiwa nashona nilisikia *tak*, kisha kimya cha kazi, kisha *tak*, na wimbo wa puani ukarudi. Mtoto mdogo aliuzungusha ule mpini mkononi siku moja, akashindwa, akautupa. Mke wangu alikuwa akitazama kutoka mlangoni. Akashusha pumzi akaendelea na ufuaji.

Lakini habari ya maharage hakuna aliyeigusa. Mama hakusema amebadili nia, nasi tuliogopa kuuliza, maana ukimuuliza mtu kama anaondoka unaweza kumkumbusha. Maharage yakakomaa, yakang'olewa, yakapigwa. Simu ilikuwa imeshapigwa siku nyingi nyuma. Na mjomba, mdogo wake mama, akafika kweli, na fimbo yake na koti refu, akalala kwetu, na asubuhi akakaa uani anakunywa uji akisubiri muda wa gari. Mfuko wa nguo wa mama ulikuwa mlangoni, umefungwa, na ngozi ya ng'ombe imeviringishwa juu yake.

Nilikaa kwenye cherehani bila kushona. Mke wangu alikuwa jikoni, na sikumsikia akifanya chochote.

Nikageuka kuchukua uzi, ndipo nikakiona. Kisu kilikuwa juu ya kigoda. Kimefungwa vizuri, mpini kwangu.

Nilijua maana ya kitu kilichorudishwa pale. Chekundu kilirudi hivyo hivyo. Nikafikiri: huyu mama ni muungwana hadi mwisho, hataki kuondoka na kitu cha nyumba hii. Nilitaka kuvunja mwiko wote, nifungue pazia, nimwambie Mama, kaa. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitambaa.

"Mwambieni fundi," sauti ikasema, "kisu hakikati. Akinoe leo. Kesho nina viazi."

Uani kikombe cha uji kikawekwa chini. "Dada," mjomba akaita, "sasa tunaondoka au vipi?"

"Hujasikia?" mama akamjibu. "Kisu ni butu. Nitaondokaje na kazi imelala?"

Jikoni kitu kilianguka kikavunjika, na mke wangu hakukijali.

Nikakinoa kwenye jiwe langu, upande huu na upande ule, polepole, kwa sababu sikuwa naona vizuri. Nikajaribu makali kwenye kipande cha uzi. Nikakifunga, nikakilaza juu ya kigoda, nikaondoa mkono, nikageukia barabara kama inavyotakiwa. Ila safari hii niliacha jicho moja nyuma, na Mungu anisamehe.

Pazia likasogea. Nikausubiri mkono wenye bangili. Ulikuja mwingine, mtupu, mweusi, wenye sugu kwenye gumba, mkono wa kushoto. Ukakichukua kisu bila kujificha, kama mtu anavyochukua kitu chake akiwa nyumbani.